Mikutano ya hifadhidata huria: kuingia ni bure, kufika ndiyo kazi

Kila mwezi, ripoti za zone za afya 519 za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo huingizwa kwenye kompyuta: watoto wangapi wamechanjwa, akina mama wangapi wamejifungulia kituoni, wagonjwa wangapi wa malaria, wa surua, wa kipindupindu. Programu inayozipokea inaitwa DHIS2, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norwe. Na chini ya DHIS2, pale ambapo hesabu zenyewe zinalala, kuna chombo kingine ambacho wauguzi wengi hawajawahi kusikia jina lake: PostgreSQL.

PostgreSQL ni hifadhidata huria, yaani ile ambayo katika masomo ya informatiki huitwa baze ya data, lakini ya kutumiwa na yeyote bila kulipa. Msimbo wake wote uko wazi: unausoma, unaurekebisha, unaugawa. Hakuna kampuni inayoweza kuifunga kesho asubuhi wala kupandisha bei yake. Kwa nchi ambayo bajeti ya afya haitoshi, hilo si jambo dogo. Ila linazua swali ambalo kila aliyewahi kuwa ndani ya likelemba au kooperative analijua vizuri: kitu cha wote kinaangaliwa na nani?

Sehemu kubwa ya jibu iko katika mikutano. Kila mwaka watumiaji na watengenezaji wa hifadhidata huria hukusanyika katika miji mbalimbali ya dunia kwa siku mbili, tatu au nne. Hapo ndipo makosa huanikwa, mipango ya mwaka unaofuata hujadiliwa, na fundi wa benki hukaa meza moja na mwanafunzi. Wakongomani wanaotegemea vyombo hivi ni wengi. Wanaofika kwenye meza hizo ni wachache mno.

Chama, si kampuni

Kazi ya PostgreSQL ilianza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya profesa Michael Stonebraker, ambaye baadaye alipewa tuzo ya Turing ya mwaka 2014. Chuo kilipoacha mradi, wajitolea waliotawanyika katika nchi mbalimbali waliuokota, na mwaka 1996 ukapata jina lake la sasa. Kwa miaka kumi wengi wao walifahamiana kwa barua pepe kuliko kwa sura. Mwaka 2006 wakakutana Toronto, Canada, kusherehekea miaka hiyo kumi, na mwaka uliofuata ukaanza mkutano wa Ottawa ulioitwa PGCon.

PGCon uliendelea hadi 2023, ukihamia kwenye intaneti wakati wa COVID-19. Tangu 2024 nafasi yake imechukuliwa na PGConf.dev, ulioanzia Vancouver na kwenda Montréal mwaka 2025. Ulaya nayo ilianzia Prato, Italia, mwaka 2008, kisha mkutano wake ukawa wa kuhamahama: Paris, Stuttgart, Amsterdam, Prague, Dublin, hadi Athens mwaka 2024 na Riga mwaka 2025.

Wanaouandaa ule wa Ulaya si kampuni. Ni chama kisicho cha faida, PostgreSQL Europe, kilichoandikishwa kwa sheria ya Ufaransa. Kwa lugha yetu ya hapa tungesema ni ASBL. Jumuiya ina masharti yake kwa mkutano wowote unaotaka kutambuliwa kuwa wa jumuiya: kampuni moja isishike zaidi ya nusu ya kamati inayochagua mada, na hotuba iliyolipiwa na mfadhili, ikiwepo, itangazwe wazi kwamba imelipiwa. Kampuni zinachangia pesa, zinapata meza ya kuweka vipeperushi na nembo yao ukutani. Jukwaa halinunuliwi kimyakimya.

Masharti ya namna hiyo hayakai kwenye karatasi tu. Mwaka 2020 kampuni ya EDB ilinunua kampuni nyingine, 2ndQuadrant, na ghafla watu watatu kati ya watano wa kamati kuu ya PostgreSQL wakajikuta wana mwajiri mmoja. Hakuna aliyekuwa amefanya kosa lolote. Hata hivyo, Novemba ya mwaka huo kamati iliongeza wajumbe wawili kutoka nje ya kampuni hiyo, Andres Freund na Jonathan Katz. Watatu kati ya saba si wengi wa kuamua peke yao. Vyama vingi vya hapa kwetu, na vyama vya siasa pia, vingefaidika kusoma ukurasa huo.

Ndani ya ukumbi, siku hupita kwa utaratibu usio wa fahari. Hotuba ni za dakika 45 au 50, na maswali yanabanwa humo humo. Kuna mafunzo ya nusu siku kwa wale wanaotaka kushika kazi kwa mikono. Kuna kikao cha hotuba fupi za dakika tano, ambapo mtu asiyejulikana anapanda, anasema shida yake na namna alivyoitatua, anashuka. Waliozoea kuhudhuria husema faida kubwa iko kwenye kolido, na kikombe cha kahawa mkononi. Mtu aliyeandika kipande cha msimbo kinachokusumbua amesimama mita mbili kutoka hapo, na hana karani wa kukuzuia.

Kosa la miaka 20

Kisa kimoja kinaeleza kuliko kingine chochote kwa nini watu hawa hawaridhiki na barua pepe peke yake.

Hifadhidata inapopokea taarifa, kwa mfano kwamba mtoto fulani amepata chanjo, haiiandiki moja kwa moja kwenye diski. Huipitisha kwanza kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ambayo umeme ukikatika inafutika. Kwa hiyo kuna amri inayoitwa fsync, ambayo maana yake ni: andika kwenye diski sasa hivi, na unihakikishie. Bila jibu la «ndiyo», hifadhidata haipaswi kuamini chochote. Kwa wakaaji wa Goma, Bukavu au Bunia, ambao umeme unawachezea kila siku, umuhimu wa amri hiyo hauhitaji maelezo marefu.

Machi 2018 fundi mmoja wa PostgreSQL, Craig Ringer, aliwaandikia wenzake taarifa iliyowaondolea usingizi. Alikuwa amegundua kwamba diski ikishindwa kuandika, Linux hutoa taarifa ya kosa mara moja tu. PostgreSQL ikipata kosa hilo, ilikuwa inajaribu tena. Mara ya pili Linux inajibu kwamba mambo ni sawa, wakati data imekwisha kupotea. PostgreSQL inaamini, inaendelea na kazi, na hakuna anayejua kitu hadi siku atakapoitafuta ile taarifa.

Hapo kulikuwa na jumuiya mbili, ya hifadhidata na ya Linux, na kila moja ingeweza kumtupia mwenzake lawama kwa miezi. Aprili ya mwaka huo Andres Freund alisafiri hadi Park City, katika jimbo la Utah, Marekani, kwenye mkutano wa watengenezaji wa kiini cha Linux, akaliweka jambo mbele yao ana kwa ana. Mwezi uliofuata mafundi wa PostgreSQL nao walikuwa pamoja Ottawa. Februari 2019, mjini Brussels, mhandisi Tomas Vondra alisimama mbele ya ukumbi kwenye mkutano wa FOSDEM na kutoa hotuba ambayo kichwa chake kiliuliza, kwa maneno mengine, imewezekanaje PostgreSQL ikaitumia fsync vibaya kwa miaka 20, na sasa kinafanywa nini. Tarehe 14 ya mwezi huo huo marekebisho yakatoka: tangu siku hiyo, fsync ikishindwa, PostgreSQL inajizima yenyewe na kuanza upya kwa kusoma daftari lake la matukio, badala ya kujidanganya.

Ni vigumu kukumbuka kampuni ya kuuza programu iliyowahi kuweka tangazo kama hilo mlangoni: tulikosea miaka 20, karibuni tuwaelezeni. Kwenye mikutano hii hotuba za aina hiyo ndizo zinazojaza ukumbi.

Siku Santa Clara ilipouzwa

Jumuiya ya MySQL, hifadhidata huria nyingine inayojulikana sana na wanaotengeneza tovuti, ilipitia njia tofauti. MySQL ilianzishwa mwaka 1995 na Michael Widenius, David Axmark na Allan Larsson, na tangu mwanzo ilikuwa na kampuni nyuma yake, MySQL AB ya Uswidi. Widenius aliipa jina la binti yake, My. Pomboo wake wa nembo anaitwa Sakila, na jina hilo lilitolewa kwenye shindano na Ambrose Twebaze, mtengenezaji wa programu aliyekuwa akiishi Swaziland na mwenye asili ya Uganda. Yeye alieleza kwamba lina mizizi katika lugha ya Kiswati, na kwamba Sakila ni pia mji huko Arusha, Tanzania. Watumiaji wengi wa pomboo huyo duniani hawajui kwamba alibatizwa na Mwafrika.

Januari 2008 kampuni ya Marekani, Sun Microsystems, ilitangaza kuinunua MySQL AB kwa karibu dola bilioni moja. Kisha ikafika Jumatatu ya tarehe 20 Aprili 2009. Mkutano mkubwa wa mwaka wa watumiaji wa MySQL ulikuwa unafunguliwa Santa Clara, California. Asubuhi hiyo hiyo Oracle, kampuni inayouza hifadhidata za kulipiwa, ikatangaza kwamba inainunua Sun. Waliokuja kujifunza walijikuta wanauliza kama chombo chao kitakuwa hai baada ya mwaka mmoja.

Oracle ilikamilisha ununuzi Januari 2010. MySQL haikufa, na hadi leo inatumika. Lakini Widenius alichukua msimbo, ambao sheria ya leseni inaruhusu, akaanzisha MariaDB, jina la binti yake mdogo. Mkutano wenyewe nao ulibadilisha mikono: baada ya 2011 shirika la O'Reilly liliacha kuuandaa, na mwaka 2012 kampuni ya Percona ikaitisha wake katika mji huo huo. Watumiaji walikuwa wale wale. Kilichokosekana ni chama chao wenyewe cha kushika usukani, na walilitambua hilo siku ambayo hawakuwa na la kufanya.

Brussels iko karibu, viza iko mbali

Kati ya mikutano yote, FOSDEM ya Brussels ndiyo ingepaswa kuwa rahisi kwa Mkongomani. Hufanyika kila mwaka mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, kwenye Chuo Kikuu Huru cha Brussels, ULB. Kuingia ni bure. Hakuna kujiandikisha, hakuna beji. Unapita mlangoni, unatafuta darasa la PostgreSQL au la MySQL, na ukikuta limejaa unasubiri nje na wenzako. Sehemu ya kampasi iko katika komuni ya Ixelles, komuni ile ile ya mtaa wa Matonge, ambako mtu wa Kinshasa au wa Bukavu hakosi pondu wala mtu wa kumsalimia kwa lugha yake.

Tatizo ni kabla ya mlango. Viza ya muda mfupi ya Schengen inagharimu euro 90 tangu Juni 2024, na ukikataliwa pesa hairudi. Maombi hupelekwa Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Goma, na barabara ya kuziunganisha haipo. Mwombaji anadaiwa aonyeshe mwaliko, mahali pa kulala, na pesa za kujikimu kupitia karatasi za benki. Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa na mabenki yakafunga milango. Fundi wa mji huo angeitoa wapi karatasi ya benki, na angepanda ndege gani?

Hata kabla ya vita hii, hesabu ilikuwa ngumu. Mkutano wa bure, ukijumlisha tikiti ya ndege hadi Kinshasa, siku za kusubiri jibu, viza na tikiti ya Ulaya, unakula mishahara ya miezi mingi ya mtu anayelipwa na serikali. Mikutano yenye kiingilio, kama ule wa PostgreSQL wa Ulaya, humwondolea kiingilio yule aliyechaguliwa kuhutubia. Ni msaada, lakini kiingilio si ndicho kinachomzuia.

Matokeo yake ni kwamba wanaoeleza shida zao ukumbini ni wale wenye umeme wa saa 24 na intaneti isiyokatika. Zone ya afya inayotuma ripoti kwa modemu ya simu, kwa saa mbili za jenereta, haina msemaji. Na shida isiyosemwa haiingii kwenye mpango wa kazi wa mtu yeyote.

Dar es Salaam, Agosti 2018

Iliwahi kutokea mara moja mkutano mkubwa ukawa karibu. Mwishoni mwa Agosti 2018, FOSS4G, mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, ulifanyika Dar es Salaam, kwenye ukumbi wa Julius Nyerere. Si mkutano wa hifadhidata kwa jina, ila hifadhidata ndiyo msingi wake: ramani huria nyingi zinahifadhiwa ndani ya PostgreSQL kwa nyongeza iitwayo PostGIS, iliyoanzishwa Canada mwaka 2001. OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na wajitolea, inakaa ndani ya PostgreSQL. Lubumbashi ilikuwa kati ya miji ya kwanza kuchorwa na mradi wa Missing Maps, mwaka 2014.

Tarehe ya mkutano huo inamgusa msomaji wa Kivu ya Kaskazini kwa sababu nyingine. Tarehe 1 Agosti 2018, wiki nne kabla, serikali ilikuwa imetangaza Ebola katika jimbo hilo, ikianzia Mangina, zone ya afya ya Mabalako. Kufuatilia waliokutana na mgonjwa kunahitaji kujua kijiji kiko wapi, kinaitwaje kwa majina yake yote mawili au matatu, na kiko chini ya zone gani. Ugonjwa huo uliendelea hadi Juni 2020 na kuua watu 2,287. Wakati watu wa Mangina na Beni wanazika, mafundi wa ramani na wa hifadhidata wa dunia nzima walikuwa wamekusanyika katika mji ambao lugha ya sokoni ni Kiswahili. Mtu wa Beni angeweza kuwaeleza kazi hiyo inavyokwenda bila mkalimani wakati wa chai.

Kinachowezekana hapa

Sehemu ya elimu hiyo inafika bila viza. Hotuba nyingi za mikutano hii hurekodiwa na kuwekwa kwenye intaneti bure. Nyingi ni za Kiingereza, lakini si zote: Ufaransa ina siku yake ya PostgreSQL tangu 2008, inayoendeshwa kwa Kifaransa, na chama cha PostgreSQLFr kimetafsiri kitabu kizima cha maelekezo ya programu hiyo katika lugha ambayo wanafunzi wetu wanasomea. Kwa upande wa DHIS2, kuna mkutano wa mwaka huko Oslo kila Juni, na kuna mafunzo ya kanda yanayoandaliwa na kituo cha HISP cha Afrika ya Magharibi na ya Kati chenye makao Lomé, Togo, nayo kwa Kifaransa.

Video hata hivyo haimwulizi mtu swali. Ndiyo maana katika miji mingi, Nairobi ikiwamo, watumiaji wameanzisha vikundi vya kukutana jioni moja moja, na hakuna ofisi ya Marekani wala ya Ulaya inayotoa ruhusa ya kuanzisha kikundi cha namna hiyo. Kinachohitajika ni darasa moja la chuo, projekta, watu kumi na jenereta yenye mafuta. Vyuo vikuu vya Goma, Bukavu, Butembo, Bunia, Kisangani na Lubumbashi vinatoa wahitimu wa informatiki kila mwaka. Wengine wao wanatunza data za hospitali, za kooperative za akiba na mikopo, za ONG, kila mmoja peke yake na hofu yake.

Mada ya kwanza ya semina kama hiyo haihitaji kutafutwa mbali. Tarehe 31 Januari 2017, kwenye kampuni ya GitLab, fundi mmoja aliyechoka usiku alifuta kwa makosa folda ya hifadhidata ya PostgreSQL iliyokuwa kazini. Kampuni ilikuwa na njia tano za kuweka nakala za akiba, zile wengi wanaita «sauvegarde». Ilipozihitaji ikakuta hakuna hata moja inayofanya kazi sawasawa. Ikaokolewa na nakala ambayo fundi huyo huyo alikuwa amechukua kwa bahati saa sita kabla. Kazi ya saa hizo sita, ikiwa ni pamoja na maoni takriban 5,000 ya watumiaji, ilipotea. GitLab iliandika yote hadharani, na mafundi wanaitumia habari hiyo kufundishia hadi leo.

Zoezi linalofuata linachukua asubuhi moja. Kila mshiriki analeta nakala ya akiba ya kazi yake, iliyoondolewa majina ya wagonjwa au ya wateja, na kujaribu kuifungua kwenye kompyuta nyingine mbele ya wenzake. Kisha anaangalia toleo la PostgreSQL analotumia. Kila toleo kubwa huhudumiwa kwa miaka mitano tu. La 13 lilifikia mwisho wake Novemba 2025, na seva iliyobaki nalo haipati tena marekebisho ya usalama.